Bipu Tatu Mpaka Mabibo

Mama aliyaandika makubaliano nyuma ya ukurasa wa kalenda ya mwaka uliopita, kwa herufi kubwa za mtu asiyependa kuulizwa mara mbili. Bipu moja: niko salama. Bipu mbili: nimevuka daraja la Rufiji. Bipu tatu: nimefika Mbagala, napanda daladala ya kuja kituo cha External, njoo unipokee. Bipu nne: nina shida, nipigie. Kisha akampigia kaka yake, mjomba wangu wa Mabibo, akamsomea mstari kwa mstari, akamwambia naye achukue kalamu aandike, halafu arudie. Mjomba akarudia. Salio likakatika akiwa kwenye bipu ya nne, lakini tulikuwa tumeshamsikia akisema "nitampigia", ikatosha.

Ilikuwa Oktoba 2009. Nilikuwa nimechaguliwa kusomea uhandisi wa mawasiliano Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na safari yangu ndefu kuliko zote hadi siku hiyo ilikuwa ya kutoka Newala kwenda Masasi, nilikosoma sekondari. Vijana waliokulia kwenye vifurushi vya wiki huenda hawaijui bipu. Unapiga, simu ya mwenzako inaita mara moja, unakata kabla hajapokea. Hela haikatwi, kwa sababu hesabu inaanza simu ikishapokelewa. Ujumbe wote umo kwenye idadi ya miito, na maana ya idadi hiyo lazima iwe imekubaliwa nyumbani, kabla hujafunga begi. Ukishakuwa barabarani hakuna nafasi ya kuelezana upya.

Nimefanya kazi ya kupanga mitandao ya simu kwa miaka mingi sasa. Kila ninapomweleza kijana mgeni kazini jinsi simu iliyo mfukoni inavyouongoza mnara, naanzia kwenye ukurasa ule wa kalenda. Sijapata mfano ulio bora zaidi.

Basi liliondoka Newala saa kumi alfajiri. Kulipopambazuka tulikuwa tumeshashuka uwanda wa Makonde na kuipita Masasi, na pande zote mbili za barabara palikuwa na mikorosho. Msimu ulikuwa unaanza. Chini ya miti mabibo yalikuwa yameanguka, mekundu na ya njano, mengine yamepasuka, na kila basi liliposimama harufu yake ya uchachu iliingia madirishani. Mama alikuwa amenifungia korosho za kukaanga ndani ya kitambaa, zawadi ya mjomba. Nilikuwa nikijiuliza mtaa wa Dar uliopewa jina la mabibo una mikorosho mingapi, na kama watoto wa huko wanaruhusiwa kuokota. Tukapita Ndanda, tukapita Mingoyo, jua likapanda.

Nangurukuru nilishuka na wengine, nikanunua maji, nikasimama mbali kidogo na injini. Simu yangu ilikuwa ile ndogo ya tochi. Nikampigia mjomba, ikaita mara moja, nikakata. Sekunde chache baadaye yangu ikaita mara moja, ikakatika. Alikuwa amepata.

Nieleze hapa kinachofanana, maana ndipo kilipo kiini cha jambo lenyewe. Chukua mnara wenye antena mbili. Zote mbili zinakutumia neno lilelile. Mawimbi ya redio yanapanda na kushuka kama mawimbi ya bahari: kilele cha wimbi la antena ya kwanza kikifika kwako pamoja na kilele cha wimbi la antena ya pili, nguvu zinajumlishwa. Kilele kikikutana na bonde, yanafutana, na unaweza kukosa mtandao huku mnara unauona kwa macho. Mnara una dawa. Unaweza kulichelewesha kidogo wimbi la antena ya pili, ili vilele vikutane pale ulipo wewe na si kwa jirani. Huko ndiko kuunda mwale. Hakuna chuma kinachogeuka pale juu, kinachobadilika ni zamu ya kila wimbi kuondoka.

Lakini uchelewe kiasi gani? Mawimbi yanagonga kuta, mabati, malori, yanafika kwa njia nyingi, na anayejua yamefikaje ni simu peke yake. Mitandao mingi hutumia masafa tofauti kwa kwenda na kurudi, kwa hiyo mnara hauwezi kukisia kwa kusikiliza tu sauti ya simu. Lazima uambiwe. Na njia ya kuuambia ni nyembamba: inagombewa na mamia ya simu, betri ni ndogo, na majibu yanatakiwa tena na tena kila baada ya milisekunde chache. Simu haiwezi kusimulia. Inaweza kubipu tu.

Ndiyo maana mnara na simu vinatoka kiwandani vikiwa na ukurasa mmoja. Wahandisi wanauita kodibuku, mimi napenda kuuita daftari la alama. Kanuni za LTE, yaani mtandao wa 4G, zilizokamilishwa mwishoni mwa mwaka 2008, chini ya mwaka mmoja kabla ya safari yangu, zimeweka mistari minne kwa mnara wa antena mbili unaotuma mkondo mmoja: usicheleweshe kabisa, chelewesha robo ya wimbi, chelewesha nusu, chelewesha robo tatu. Simu inapima, inachagua mstari ulio karibu zaidi na ukweli, inatuma namba ya mstari huo. Namba moja kati ya nne ni biti mbili. Mama yangu, bila kujua, alikuwa ametunga daftari la biti mbili.

Nilipoifanya hesabu yake mara ya kwanza, nikiwa mwaka wa tatu, niliiweka kalamu chini nikaisoma upya. Tuseme antena mbili zinafika kwa nguvu sawa. Daftari likiwa na mistari miwili tu, yaani biti moja, hali mbaya kuliko zote inakuachia nusu ya nguvu ambayo ungeipata kama mnara ungejua kila kitu. Ukiwa na mistari minne, hali mbaya kuliko zote inakuachia asilimia 85. Mistari minane, asilimia 96. Biti tatu! Mtu akikuambia kwamba mawasiliano mazuri yanahitaji maelezo mengi, mwonyeshe hesabu hiyo. Maelezo machache yanatosha kabisa, mradi yamepangwa vizuri na pande zote mbili zinayashika kwa maana ileile.

Kupanga vizuri ndiko kulikowashughulisha watu. Mama hakuweka alama mbili kati ya Newala na Masasi. Alizitawanya barabarani ili nisiwe mahali popote nikiwa mbali sana na habari yangu ya mwisho. Oktoba 2003, katika toleo moja la jarida moja la nadharia ya habari, makundi mawili ya watafiti wa Marekani yalichapisha kazi juu ya swali hilohilo: David Love, Robert Heath na Thomas Strohmer kwa upande mmoja, na Mukkavilli, Sabharwal, Erkip na Aazhang kwa upande mwingine. Waligundua kuwa daftari zuri ni suala la zamani la hisabati: una mistari kadhaa inayopita katika nukta moja, ipange ili hata ile miwili inayokaribiana zaidi iwe mbali iwezekanavyo. Hisabati ya aina hiyo inabeba jina la Hermann Grassmann, Mjerumani wa karne ya 19. Nilipoisoma niliiona barabara ya Kilwa yote, kutoka juu.

Baada ya Somanga lami ikaisha. Msafiri wa kusini wa miaka ile hahitaji kuambiwa juu ya kilomita 60 za Somanga hadi Ndundu. Vumbi jekundu liliingia hata madirisha yakiwa yamefungwa, likakaa kwenye kope na ndani ya mikunjo ya kanga. Mzee aliyekaa pembeni yangu alijifunga kitambaa puani akawa anahesabu madaraja madogo kwa sauti ya chini. Tulikwenda hivyo kwa saa nyingi. Daraja la Mkapa, karibu kilomita moja ya zege juu ya Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, tulilifikia jua likiwa limeanza kuinama. Nikaitoa simu nizipige bipu mbili. Hakukuwa na mtandao. Nikaishika mkononi hadi ng'ambo, nikainyanyua juu ya dirisha, hakuna. Ikwiriri ilionekana na kupotea nikiwa bado nimeinyanyua. Kwa akili ya siku ile nikaona haina neno, nitapiga tatu nikifika, tatu inaimeza mbili.

Mbagala Rangi Tatu tulifika magharibi. Sijawahi kuona watu wengi namna ile wakitembea wote kwa haraka. Nikasimama kando ya ukuta, begi katikati ya miguu, nikapiga. Moja. Mbili. Ya tatu haikutoka: mtandao ulikuwa umejaa, simu ikanyamaza kisha ikatoa mlio wa kukataa. Nikapiga tena, ikakataa tena. Kondakta wa daladala ya Ubungo kupitia Mandela alikuwa anaita, gari linaanza kuondoka, nikapanda.

Kwa hiyo Mabibo mjomba alihesabu mbili. Akaitazama karatasi yake: amevuka daraja la Rufiji. Kutoka darajani mpaka Mbagala ni safari ya saa mbili, tatu. Akaenda msikitini, akarudi, akaketi kula bila haraka. Ujumbe ulikuwa umepoteza bipu moja tu, na mtu makini kabisa akawa anafanya jambo sahihi kwa habari isiyo sahihi.

Nilikaa kiti cha nyuma ya mlango. Kondakta alikuwa na noti zilizokunjwa katikati ya vidole na sarafu moja kiganjani. Alikuwa anagonga bati kwa sarafu hiyo: mara moja, gari linasimama, mara mbili, linaondoka. Dereva hakugeuka kumwangalia hata mara moja kutoka Mbagala hadi nilipoteremka. Niliitazama sarafu ile njia nzima.

Barabara ya Mandela ilikuwa na malori ya bandarini, tukasimama sana. Kisha foleni ikafunguka na dereva akalikanyaga. Leo nikiipita njia ile nafikiria hesabu nyingine, ya mwendo. Kwenye masafa ya megahezi 1800 urefu wa wimbi ni karibu sentimita 17. Gari la kilomita 40 kwa saa linapita mita 11 kila sekunde, yaani linamaliza wimbi zima kwa milisekunde 15 hivi. Simu ikisema "mstari wa tatu", mnara ukachelewa milisekunde kadhaa kutii, abiria ameshahama kutoka kilele kwenda bonde, na ushauri uliokuwa wa kweli umegeuka kumwangusha. Mtu anayetembea kwa miguu anafaidika na ushauri uleule kwa muda mrefu zaidi, na aliye kwenye foleni kuliko wote. Kwa waendao kasi mnara huwa unaacha kulenga, unatawanya nguvu zake upana, na nadhani huo ni uamuzi wa hekima. Habari iliyochacha inaweza kuwa mbaya kuliko kutokuwa na habari.

"External, External, wapo?" Sarafu ikagonga mara moja. Nikateremka.

Mjomba hakuwepo. Giza lilikuwa limeshaingia, taa za magari zinapita, upepo wa malori unavuta kanga. Mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi akaniona nimeishika simu. "Binti, ifiche hiyo simu. Njoo usimame huku nyuma ya jiko langu." Nikamwamkia, nikasogea. Moshi wa mkaa ulikuwa unanipiga machoni na nikashukuru kwa sababu hiyo, machozi yalikuwa karibu. Nikasubiri nusu saa nzima. Kisha nikapiga bipu nne, taratibu, moja baada ya nyingine, nikiomba zote zipite.

Akapiga papo hapo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu, kuna nini? Gari limeharibika?"

"Niko External."

Akanyamaza kidogo. Kisha hakuniuliza niko wapi hapo External, na leo naelewa kwa nini. Mgeni ukimwuliza yuko wapi atakuambia anaona taa, duka na watu. Aliuliza, "Magari yanayopita mbele ya uso wako yanaenda Ubungo au Buguruni?" Mama wa mahindi akanisaidia: Ubungo. "Kituo kiko kulia kwako au kushoto?" Kulia. "Usivuke barabara. Kaa hapohapo." Maswali mawili, majibu mawili ya neno mojamoja, simu ikakatika kwa salio kuisha, na baada ya dakika chache nilimwona anavuka akiwa na kandambili, anakimbia. Aliniomba radhi kwa namna ambayo wajomba wa kwetu hawaombi radhi kwa mabinti. Aliitoa karatasi yake mfukoni kunionyesha kwamba alikuwa ameifuata.

Tukaingia Mabibo kwa miguu, begi kichwani kwake. Hakukuwa na mikorosho. Kulikuwa na vichochoro vya mchanga, vibanda vya chipsi, na wanaume wawili waliosukuma mkokoteni wa mikungu ya ndizi wakielekea soko wanaloliita Mahakama ya Ndizi. Nyumba ilikuwa ya wapangaji, vyumba sita kuzunguka ua mmoja, na uani palikuwa na mabishano. Upepo ulikuwa umeigeuza antena ya televisheni na taarifa ya habari inaanza.

Analojia ilikuwa bado inatawala. Dar ilizimiwa mitambo yake mwishoni mwa 2012. Mlingoti ulikuwa bomba refu lililosimikwa ukutani, na juu yake zilifungwa antena mbili, ya mjomba na ya mpangaji wa chumba cha mbele. Mjomba alilitua begi, akalishika bomba kwa mikono miwili. Mimi nikawekwa dirishani, mtoto wake mdogo mbele ya televisheni. "Vipi?" "Bado!" "Hapa?" "Imekuwa mbaya!" Akarudisha kidogo. "Hapo! Hapo hapo!" Na kabla hajaliachia, chumba cha mbele wakapiga kelele kwamba yao imezima.

Sehemu ya kwanza ya jambo lile, yaani kujaribu na kuambiwa "afadhali" au "mbaya zaidi" tu, nimeikuta baadaye imeandikwa na Raghuraman Mudumbai, Upamanyu Madhow na wenzao kama njia kamili ya kuzipatanisha antena zilizotawanyika: kila moja inajisogeza kwa kubahatisha, mpokeaji anarudisha biti moja, imekuwa bora au haikuwa, na kwa kurudiarudia zinafika. Sehemu ya pili, ya chumba cha mbele, ndiyo inayotusumbua kazini mpaka leo. Mnara ukihudumia watu kadhaa kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa mwale wake, kosa dogo kwenye mstari wa mmoja linakuwa kelele masikioni mwa mwingine. Nihar Jindal alionyesha mwaka 2006 kwamba hapo biti chache hazitoshi tena. Kila unavyoongeza nguvu za mnara, inabidi uongeze na biti za mrejesho, la sivyo nguvu zote mpya zinaliwa na kelele za majirani. 5G ilipoingia nchini mwaka 2022, paneli zenye antena kwa makumi zilianza kutumia pia njia ya masafa mamoja ya kwenda na kurudi, ambapo mnara unajifunza kwa kuisikiliza simu yenyewe. Penye masafa mawili, daftari bado lipo, nene zaidi.

Usiku ule chumba cha mbele na mjomba walikubaliana nusu kwa nusu. Picha zote mbili zikawa na chenga, habari zikasikika.

Mke wa mjomba alinipa maji ya kuoga, wali na maharage. Nikafungua kitambaa cha korosho, watoto wakazizunguka. Ndipo nikamkumbuka mama. Alikuwa amekaa na simu yake tangu alfajiri. Salio la mjomba lilikuwa limeishia kwenye maswali yake mawili, na maduka ya vocha yamefungwa. Nikauchukua ukurasa wa kalenda, nikausoma tena kwa mwanga wa tochi ya simu. Mama alikuwa ameandika kila kitu isipokuwa hicho: hakukuwa na mstari wa "nimefika nyumbani kwa mjomba". Tatu ingemwambia niko Mbagala usiku. Nne ingemfanya asilale.

Nikachagua ule uliokuwa karibu zaidi na ukweli. Nikapiga, ikaita mara moja, nikakata. Nikakaa kitandani na simu kwenye kiganja.

Ikaita mara moja, ikakatika.